Matumbawe ya Lualaba

Mwavita anasema yeye ndiye aliyeona kwanza. Anasema alishuka mtoni asubuhi, jua limeshatoka, kusugua sufuria ya wali ulioungua. Akaiweka juu ya jiwe lake la siku zote, maji yakigusa kitako chake, akageuka kuchota mchanga. Alipogeuka tena, sufuria ilikuwa palepale lakini maji yalikuwa yameondoka. Lualaba ulikuwa umerudi nyuma, ukingo wote wa Kindu umebaki wazi, taratibu tu, kama mgeni anayeaga kwa adabu. Mbele yake palikuwa na mchanga mweupe, majani ya bahari yaliyolala upande mmoja, na kaa mwekundu ambaye alikuwa tayari anaondoka na upawa wake. Mwavita akamfuata kaa, akamnyang'anya upawa, akamaliza kusugua sufuria, akapanda nyumbani.

Majirani wanaiamini habari hiyo yote isipokuwa jambo moja: kwamba Mwavita aliwahi kuamka kabla ya watu wengine.

Siku hizo zilikuwa siku za pembe za ndovu. Kindu ilikuwa nyumba za udongo zenye baraza, mashamba ya mpunga upande wa Mikelenge, na mitumbwi ya Wagenya, watu wa mto, iliyovusha watu na mizigo. Watu wa pwani waliokuwa wamekaa pale, wengine wa Kilwa, wengine wa Pangani, walikuja kwa safari fupi, na safari fupi ikaendelea mpaka watoto wao wakawa wanasema muntu na mukubwa kama wenyeji. Walipoitwa kushuka kuona, walishuka. Walisimama ukingoni wakanusa. Mzee mmoja akasema imechelewa. Wenzake wakakubali kwamba imechelewa, ila njia ni mbaya, na ukifikiri kwamba bahari ilikuja bila wapagazi, haikuchelewa sana.

Jioni maji yalijaa tena, na yalikuwa ya chumvi. Kesho yake yakapwa. Wanawake wakaanza kuteka maji ya kunywa kwenye chemchemi ya nyuma ya mashamba, na wakaacha kuchoma matete kutafuta chumvi. Wagenya walinung'unika kidogo, kwa sababu samaki wa bahari hakujua mitego yao. Ikawa hivyo.

Mwanahamisi, dada wa Liwali Amuri, alishuka siku ya pili. Alikuwa mwanamke mnene, mjane, asiye na mtoto. Kwa miaka yote aliyokaa Kindu alikuwa na tabia moja: alitia chumvi katika maji ya moto, akajifunika shuka, akavuta mvuke. Akimaliza husema, "Siyo hii, lakini iko karibu." Siku ile hakuchemsha maji. Alikunja nguo yake juu ya magoti, akachukua fimbo ya chuma, akatembea mpaka mahali mawe yalipoanza. Nyuma yake alikuja Zawadi na kikapu.

Mwanahamisi alipewa Zawadi na kaka yake, Liwali, wakati mtoto huyo alipokuwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Ndiyo maana ya jina lake. Alitoka upande wa Pangi, na jina la kwao alilijua lakini hakulitoa kwa watu. Mwanahamisi alimlea vizuri. Walilala chumba kimoja, walikula sinia moja, na mwanamke yule alimsimulia Kilwa usiku na mchana, mpaka Zawadi akajua njia za Kilwa kuliko njia za Kindu: kisima kiko wapi, nani alioa nani, wapi pana kivuli saa sita.

"Weye usimtafute pweza," Mwanahamisi alimfundisha pale kwenye mawe. "Tafuta mlango wake. Akiwa ndani huweka vijiwe mlangoni, kama bibi harusi aliyeshusha pazia."

"Na kama hataki kutoka, bibi?"

"Nani anataka kutoka? Mimi nilitaka kutoka Kilwa?"

Akatia fimbo katika tundu, akazungusha, na pweza akatoka akiwa amemshika mkono mpaka kwenye kiwiko. Mwanahamisi alisimama hivyo muda mrefu, pweza mkononi, akitazama maji. Zawadi alisubiri na kikapu wazi. Alikuwa na subira, na alijua kuangalia mtu bila kumkodolea macho.

Mtu mwingine aliyefurahi ni Fundi Musafiri. Zamani, Kilwa, alikuwa rubani wa kuingiza vyombo bandarini. Kindu hapakuwa na bandari, kwa hiyo aliishi kwa kuziba mitumbwi, na watu walimwita fundi kwa heshima tu. Bahari ilipofika alipata kazi yake. Alichomeka nguzo kuanzia ukingoni kwenda ndani, akazipaka chokaa, akaweka alama maji yanapofika yakijaa na yanapoishia yakipwa. Alifuata mwezi. Aliona kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yalikwenda mbali sana na kurudi kwa nguvu, na hiyo njo bamvua, akawaeleza wenyeji kwa maneno yao. Na katikati yake yalisogea kidogo tu, maji mafu. Kisha akagundua kwamba maji ya Kindu yalikuwa yakijaa saa ileile ambayo yangekuwa yakijaa Kilwa. Umbali haukuyahusu. Siku aliyohakikisha jambo hilo, Fundi aliketi kwenye mchanga akalia kidogo, halafu akaendelea kupaka chokaa.

Watu walichukua kila kitu. Walichukua kome, kaa, pweza wakubwa na pweza watoto, na majani ya bahari wakawapa mbuzi. Baada ya muda pweza walikuwa kama ngumi ya mtoto, na mawe yalikuwa meupe kwa kukanyagwa. Fundi akaomba ruhusa ya kujaribu kitu. Alichomeka miti yenye kitambaa chekundu upande wa kushoto wa jiwe kubwa, akasema huko mtu asiingie mpaka atakaposema. Upande wa kulia kila mtu avue anavyotaka.

"Fundi," Mwavita alimwuliza mbele ya watu, "pweza anajua upande wa kushoto ni upi?"

"Hajui. Lakini wewe unajua."

Watu walicheka, hata Mwavita mwenyewe, kwa sababu kikapu chake kilikuwa na pweza wa kushoto.

Fundi alingoja. Aliwapima wale wa huku na wale wa huko kwa mkono wake mwenyewe, kutoka ncha ya kidole mpaka bega. Siku alipofungua upande wa kushoto, walitoka pweza ambao mwanamke mmoja hakuweza kubeba zaidi ya mmoja. Wapagazi wakaanza kupeleka pweza mkavu Lokandu, na wengine wakampeleka Pangi, ambako watu walimtazama, wakamkata, wakasema hana tofauti sana na ngozi. Liwali Amuri alipendezwa. Akatangaza kwa baragumu kwamba popote Fundi Musafiri atakapochomeka kitambaa chekundu, asikanyage mtu, si mungwana si mtumwa. Tangu hapo Fundi alikuwa anakaa barazani kwa Liwali, karibu na mlango.

Ilipofika bamvua kubwa ya baada ya mvua, maji yalikupwa mpaka katikati ya Lualaba. Fundi alikwenda huko peke yake na fimbo yake, akarudi mguu mkavu, akaja barazani kutoa habari. Zawadi alikuwepo, Mwanahamisi alikuwa amemtuma apeleke vitumbua.

"Pana mwamba mzuri sana," Fundi alisema. "Matumbawe machanga, mengine ya manjano, mengine rangi ya ulimi wa paka. Samaki wadogo hawahesabiki. Nafikiri wote tunaowavua huku wanazaliwa pale."

"Yameota juu ya nini?" Liwali aliuliza. "Chini ya Lualaba ni matope matupu."

"Juu ya watu, bwana. Wale wa mnyororo. Tumbawe linataka kitu kigumu kisichosogea, na wao wamekaa mstari mmoja, wametulia."

Liwali alifikiri kidogo, akakumbuka. Zamani, msafara wake uliporudi kutoka Pangi, mtumbwi mmoja ulipinduka ukivuka kutoka ng'ambo ya Alunguli. Wapiga kasia waliogelea. Wale waliofungwa shingo kwa shingo walishuka pamoja, na hakuna aliyeingia kuwatoa, kwa sababu ilikuwa imeshapita saa ya kula.

"Mnyororo ule ulikuwa mpya," Liwali alisema. "Bado mzuri?"

"Hauonekani tena, bwana. Umeshikwa."

"Basi."

"Walikuambia kitu?" mzee mmoja akauliza.

"Walinisalimu. Nikaitikia."

Kahawa ikaletwa. Fundi akaomba mwamba ule ufungwe, na Liwali akaufunga. Zawadi aliweka vitumbua chini, akafunika sinia, akatoka. Yeye, siku ile ya mtumbwi, alikuwa katika mtumbwi wa nyuma, katika mafurushi, kwa sababu shingo yake ilikuwa ndogo kuliko pingu.

Bamvua iliyofuata alitembea mpaka kwenye vitambaa vyekundu, akasimama. Hakuvipita. Mama yake alikuwa wa kwanza katika mstari, karibu kabisa, ameketi kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Hakuwa amezeeka. Matumbawe yalikuwa yamempanda kutoka mapajani mpaka mabegani, na juu ya bega moja palikuwa na ua la bahari lililofunguka na kujifunga.

Mama alimtazama, akamwita kwa jina la kwao.

"Umekuwa mukubwa," akasema. "Umenifikia."

Ni kweli. Wangesimama pamoja sokoni, watu wangesema ni dada wawili.

Walizungumza lugha yao, na Zawadi alishangaa kidogo tu kwamba bado ilikuwa kinywani mwake. Mama aliuliza kama kuna mtu aliyekwenda kuangalia migomba nyuma ya nyumba. Zawadi hakujua. Mama akauliza kama bado anaogopa kijito cha chini, pale penye kivuli, ambapo baba yake alikuwa akimwinua kwa mikono miwili ili miguu isiguse maji. Zawadi alikuwa amesahau kijito, na baba, na mikono. Mama alipotaja, vyote vikarudi pamoja na harufu ya mawese yanayochemka na sauti ya mtu anayetwanga mahali fulani nje. Alikuwa hajui kwamba alikuwa na kitu cha kukumbuka. Miaka yote alikuwa akikumbuka Kilwa.

"Na mimi muniulize," alisema mwanamume mmoja mwishoni mwa mstari. Matumbawe yalikuwa yamemfunika kichwa. "Mutoto, niangalie. Wangwana hawa wamenipa kofia."

"Inakupendeza, mzee," Zawadi alisema.

"Inabana," alisema yule mtu, na wenzake wakacheka, na mnyororo ukalia kidogo chini ya mawe.

Maji yalipoanza kurudi, mama alisema, "Ukija tena, leta jembe. Unibomolee hapa shingoni. Wengine watajitoa kwa nafasi itakayobaki. Tunataka kwenda nyumbani."

Zawadi alikuja kila bamvua, bila jembe. Alisimama kwenye kitambaa chekundu akisikiliza mambo ya nyumbani, na kila mara matumbawe yalikuwa yamepanda. Yalipita shingo. Yalifika kidevuni. Mama akawa hageuzi kichwa, anageuza macho tu. Halafu yakafika chini ya mdomo, na maneno yakaanza kutoka yamekatwa, kama ya mtu anayeuma sindano. Kijito hakukitaja tena, kwa sababu jina lake lilikuwa refu. Zawadi aliona kwamba bamvua ijayo mdomo hautakuwa wazi.

Akamwendea Fundi Musafiri, aliyekuwa akipaka chokaa kwenye nguzo.

"Fundi, yule wa mbele njo mama yangu."

"Najua. Mmefanana masikio."

"Nataka kumutoa. Yeye peke yake."

Fundi aliweka brashi yake chini. Hakuwa mtu wa kufukuza watu. Alimpeleka kwenye kitambaa, akamwonyesha kwa fimbo bila kugusa. "Tazama mkono wake wa kulia, hapo katikati ya vidole. Unaona wale samaki wembamba? Ni watoto. Pweza wa kwanza mwaka huu alitaga chini ya goti lake. Pale, mahali nilipokanyaga siku ya kwanza, kabla sijajua, mpaka leo hapajaota kitu. Ukibomoa mmoja, mnyororo utavuta, na wote watapasuka. Mwamba utakufa. Bahari itakuwa maji ya chumvi tu."

"Lakini mwenyewe anaomba, fundi."

"Ndiyo. Na mimi huniomba, kila ninapokuja."

"Wewe unamujibu nini?"

"Namwambia maji yanarudi," Fundi alisema. Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa mtu bure. Ningependa wangekaa juu ya kitu kingine."

Bamvua ilipofika, Kindu yote ilishuka. Ilikuwa siku ya kufungua tena upande wa kushoto, na Liwali mwenyewe alikuja amebebewa kiti, kuona pweza wakianikwa. Watoto walikimbizana na kaa. Wanawake waliozaliwa hapohapo, ambao hawakuwahi kuona pwani, waliimba nyimbo za pwani. Wazee walikuwa wamevua viatu, wameweka miguu katika vidimbwi vya maji, wakizungumza juu ya watu waliokufa Kilwa kama wanaongojwa kwa chakula cha mchana.

Zawadi alikwenda kwanza kwenye mwamba wa katikati, peke yake. Mdomo wa mama ulikuwa umebaki nafasi ya kupitisha kidole. Mama alisema neno moja, na lilikuwa jina lake. Zawadi akarudi, akapiga magoti mbele ya kiti cha Liwali, akaomba. Aliomba mtu mmoja tu, na alisema ataifanya kazi hiyo mwenyewe, polepole, na hatakanyaga kingine.

"Mimi si mtu wa bahari," Liwali alisema bila hasira. "Mambo ya mwamba ni ya Fundi."

Zawadi akamgeukia Fundi, aliyesimama nyuma ya kiti.

"Mimi si mwenye watu," Fundi alisema. "Watu wale ni wa bwana."

"Ni kweli," Liwali alisema. "Ni wangu." Akaagiza wale pweza wakubwa watengwe, waende Lokandu.

Zawadi alisimama, akapangusa mchanga magotini. Mwanahamisi alikuwa ameinama kando ya jiwe kubwa, amempata pweza ambaye mikono yake ilizunguka jiwe na kukutana upande wa pili. Pweza kama huyo, alikuwa akisema kwa kila aliyepita, hakuwa amemwona tangu alipokuwa mwari. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua, na ulikuwa uso wa msichana. Alimshika pweza kwa miguu miwili, akamwinua juu ya kichwa, akampiga kwenye jiwe ili nyama ilainike. Sauti ya pigo ilikuwa ya kitu kilichojaa maji.

"Bibi," Zawadi alisema.

Mwanahamisi akampiga tena.

"Bibi, bwana ni kaka yako. Anakusikiaka wewe. Mdomo wa mama uko wazi leo. Maji yakishapanda, haitakuwa wazi tena. Sema naye sasa, iko pale, hajaondoka. Neno moja tu."

Povu la pweza lilikuwa limemrukia Mwanahamisi shavuni na hakulifuta. Nyuma yao vidimbwi vilianza kutikisika, na watoto wa kwanza wakaanza kupiga kelele kwamba yanakuja.

"Bibi, nakuomba."

Mwanahamisi alimgeuza pweza upande wa pili, akaendelea kupiga.